Na 1908 Je? Ushauri kwa Wanaotaka Kuandika Habari za Mbali

Juma lililopita kijana mmoja aliye mwaka wa pili chuoni aliniandikia ujumbe mrefu, akaniamkia kwa heshima, akaniita mwalimu ingawa sifundishi popote, kisha akaniuliza nimefanyaje hata jarida likakubali kuchapa makala yangu kuhusu msimu wa kwanza wa ligi ya soka ya Ufini, jambo ambalo, kwa maneno yake mwenyewe, "halimhusu mtu yeyote hapa kwetu". Sitaficha kwamba nilifurahi. Makala ile ilikataliwa mara mbili, na tangu ikataliwe mara ya kwanza hadi ilipochapwa mwezi uliopita imepita miaka sita, kwa hiyo naona ninayo haki ya kutembea kifua mbele japo kwa siku chache. Hata hivyo, jibu la swali lake halianzii Ufini. Linaanzia kwenye filamu ya Kifaransa, katika ukumbi mdogo wenye viti vya plastiki, usiku ambao watu wapatao thelathini walinicheka nikiwa bado nimeshika kipaza sauti.

Filamu yenyewe ni Jour de fête ya Jacques Tati, ambayo kwa Kiswahili tungeweza kuiita Siku ya Sherehe. Ni kichekesho kuhusu François, mpeleka barua wa kijijini mwenye baiskeli na miguu mirefu, ambaye siku ya sherehe anaoneshwa ndani ya hema sinema inayowasifu wapeleka barua wa Marekani kwa kasi yao ya ajabu, naye akaamua kuwaiga kwa baiskeli yake hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nimeiona mara tatu katika nakala ya zamani ya rangi nyeusi na nyeupe niliyopewa na rafiki, na kwa kuwa nilikuwa nimeiona mara tatu nilijihesabu kuwa mtaalamu wake. Kikundi chetu cha wapenda filamu kiliponiomba niitambulishe kabla haijaoneshwa, niliandaa hotuba ya dakika kumi na mbili.

Nilisema, na ninakumbuka kila neno kwa sababu nilikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo, kwamba Tati aliikataa rangi kwa makusudi ili kijiji kile kionekane kama picha iliyotolewa kwenye sanduku la bibi, na kwamba weusi na weupe ule ni huzuni ya Ufaransa iliyotoka vitani. Niliona watu wawili watatu wakitikisa vichwa kukubali. Kisha taa zikazimwa, trekta likatokea barabarani likivuta farasi wa mbao wa bembea ya sherehe, na farasi wale walikuwa na rangi. Mwalimu mmoja wa Kifaransa aliyeketi mstari wa mbele ndiye aliyeanza kucheka, na alicheka vizuri, kwa sauti ya mtu asiye na haraka; ukumbi mzima ukamfuata. Nilitafuta kiti karibu na mlango.

Ukweli nilioupata baadaye, tena kwa kusoma usiku kucha kwa hasira, ulikuwa kinyume kabisa cha hotuba yangu. Tati alipiga filamu hiyo mwaka 1947 katika kijiji cha Sainte-Sévère-sur-Indre, katika sehemu ile ile ya nchi alikowahi kujificha wakati wa vita, akitumia mfumo mpya wa rangi ulioitwa Thomsoncolor. Alipaka milango ya kijiji rangi ya kijivu na kuwavika wanakijiji nguo za giza, ili rangi iingie kijijini pamoja na sherehe na iondoke nayo. Kwa bahati alikuwa ameweka pembeni kamera ya pili yenye filamu ya kawaida, maana waliobuni mfumo ule walishindwa kutoa nakala za rangi za kuoneshwa, na ndiyo sababu mwaka 1949 watazamaji walipewa nyeusi na nyeupe, yaani akiba, badala ya filamu aliyoikusudia. Mwaka 1964 alitoa toleo jingine lenye vitu vichache vilivyotiwa rangi na mchoraji aliyeongezwa kwenye hadithi. Rangi zenyewe zilikuja kuonekana mwaka 1995, Tati akiwa amekwisha kufariki tangu 1982, kwa juhudi za binti yake Sophie Tatischeff. Kwa hiyo kile nilichokiita uamuzi wa msanii kilikuwa ajali ya maabara, nami nilikuwa nimeihubiri ajali hiyo kwa dakika kumi na mbili.

Ungedhani nilijifunza. Sikujifunza. Nilichofanya ni kuikimbia sinema na kuhamia kwenye soka, na hata njia ya kuhamia alinionesha Tati mwenyewe, kwa kuwa kabla ya filamu alikuwa akipata riziki jukwaani kwa kuwaigiza wanamichezo bila kusema neno, akiwemo golikipa anayengoja mpira. Wakati huo huo rafiki yangu niliyesoma naye, ambaye anafanya kazi Helsinki, alinitumia picha ya uwanja wa mpira uliofunikwa na theluji hadi huwezi kujua mistari iko wapi, na chini yake akaandika: "Sasa hapa ligi inachezwa lini?" Swali hilo lilinishika. Jibu ni kwamba msimu wa Wafini huanza majira ya kuchipua na kumalizika majani yanapopukutika, ndani ya mwaka mmoja wa kalenda, tofauti na Waingereza wanaouvuka mwaka. Kutoka hapo nikarudi nyuma hadi 1930, mwaka ilipoanza Mestaruussarja, jina lenye maana ya "mfululizo wa ubingwa", timu nane zikishindana na HIFK ya Helsinki ikiibuka bingwa. Nikaandika kwa furaha kwamba mwaka 1930 Ufini ilipata bingwa wake wa kwanza wa soka, nikapeleka.

Makala ilirudi baada ya wiki tatu. Mhariri hakuandika barua wala hakueleza sababu, kando ya sentensi ile, kwa wino mwekundu, aliweka maneno matatu tu: "Na 1908 je?"

Nilimchukia mtu yule kwa muda usiopungua mwezi mzima. Lakini alikuwa sahihi, maana ubingwa wa Ufini ulianza kugombewa mwaka 1908 kwa mtindo wa mtoano, mwaka mmoja tu baada ya chama cha soka kuundwa, na bingwa wa kwanza alikuwa Unitas ya Helsinki. Wakati huo Ufini ilikuwa bado chini ya mfalme wa Urusi, na ilipata uhuru wake mwaka 1917, hivyo bingwa alitangulia dola kwa miaka tisa. Hilo ndilo jambo tamu kuliko yote katika habari nzima, nami nilikuwa nimelifuta kwa neno "kwanza". Kilichoanza mwaka 1930 ni ligi, yaani jedwali la pointi ambalo timu ikifungwa leo haifungashi virago bali inarudi kesho kutafuta nyingine.

Toleo langu la pili lilikataliwa pia, safari hii kwa sababu nilisema "Ufini nzima". Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1918, vilabu vya wafanyakazi vilijitenga na mwaka 1919 vikaunda shirikisho lao la michezo, TUL, lililokuwa na mashindano yake ya ubingwa. Mfanyakazi wa kiwandani aliyeichezea timu ya shirikisho hilo mwaka 1930 hakuwa na sababu ya kuihesabu HIFK, klabu ya watu wanaozungumza Kiswidi, kuwa bingwa wake. Ukilijua hilo, hata orodha ya mabingwa wa ligi unaisoma kwa jicho jingine: mwaka baada ya mwaka HIFK, HPS na HJK, zote za Helsinki, wanapokezana kombe, mpaka TPS ya Turku ilipolichukua mwaka 1939, miezi michache kabla Wasovieti hawajavamia.

Sasa nije kwenye ushauri, ambao kijana aliuomba na ambao nakiri ni mfupi kuliko hadithi yake. Unapoandika habari ya mbali, kitu kinachokufikia mara nyingi ni nakala: toleo lililosalimika, jedwali lililohifadhiwa, jina lililoshinda. Kiulize kabla yake kulikuwa na nini, na pembeni yake kulikuwa na nani. Usiliandike neno "kwanza" kabla hujalitafutia mtangulizi, wala usimsingizie msanii nia kabla hujajua kamera yake ilimfanyia nini. Na mkome, vijana wangu, kunakili makala za wenzenu na kubadilisha vitenzi, kwa sababu kosa la wa kwanza litasafiri kwa jina lenu. Mimi walau makosa yangu niliyatengeneza kwa mikono yangu mwenyewe.

Uliza pia kuhusu maneno. Katika makala ya filamu nilikuwa nimemwita François tarishi, neno zuri lenye vumbi la safari, lakini msomaji wa leo akilisikia anamwona mtu wa ofisini anayebeba mafaili kutoka chumba kimoja hadi kingine. François anashika nyuma ya lori linalokwenda kasi na kuzipiga barua mihuri juu ya ubao wake huku baiskeli ikikimbia chini yake. Tarishi hawezi hilo. Nikarudi kwenye "mpeleka barua", maneno mawili makavu, na sentensi ikatulia.

Mwalimu yule wa Kifaransa bado tunakutana kwenye maonesho ya kikundi chetu, na mpaka leo ananisalimia, "Habari za rangi, kaka?" Nilimpelekea jarida lenye makala yangu. Aliisoma palepale amesimama, akafika mwisho, akasema hajaona kosa, kisha akaongeza kwamba yeye soka halijui.

Nimemwandikia kijana haya yote. Amejibu kwa mstari mmoja, akishukuru na kuniomba namba ya simu ya mhariri, na hiyo sijampa.