Maswali ya Wasomaji: Kila tangazo linadai uzoefu, nami ndiyo kwanza nimemaliza chuo

Swali: Ndugu Mshauri, nilihitimu shahada ya kwanza ya uhasibu mwaka jana, na tangu hapo nimetuma maombi mengi ya kazi bila kuitwa kwenye usaili hata mmoja. Karibu kila tangazo linadai uzoefu wa miaka miwili au mitatu. Nitaupata wapi uzoefu huo ikiwa hakuna anayekubali kuanza nami? Wenzangu wananiambia kwamba kama sina mtu ninayefahamiana naye ndani, najisumbua bure. Nimeambatisha wasifu wangu uutazame. – Mhitimu, Morogoro

Jibu: Ndugu mhitimu, nimeusoma wasifu wako, na nitaurudia baada ya kuzungumzia matangazo, kwa kuwa nadhani umeyaweka yote katika kapu moja.

Nafasi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira na huombwa kupitia mfumo wake wa mtandaoni, Ajira Portal. Nyingi kati ya zile za kuanzia, ambazo kwa kawaida huitwa za Daraja la II, hudai shahada inayohusika na hazidai miaka ya kazi. Kwa hiyo ukosefu wa uzoefu si kizuizi huko. Kizuizi ni wingi wa waombaji, ambao hupunguzwa kwanza kwa usaili wa mchujo wa kuandika kabla ya wachache kuitwa kwenye mahojiano. Mtu anayeingia kwenye mchujo bila kufungua daftari tangu siku ya mahafali hushindwa na mwenzake aliyerudia kanuni za uhasibu na sheria za fedha za umma, hata kama chuoni alikuwa na alama za juu zaidi yake. Fahamu pia kwamba anayefaulu usaili akakosa nafasi kwa sababu zimejaa huwekwa kwenye kanzidata, yaani orodha ya waliofaulu, na anaweza kupangiwa kazi baadaye nafasi inapotokea, kwa hiyo kufika mwisho wa usaili bila kupata barua si kupoteza muda.

Wapo wanaokwama kabla hata ya mchujo kwa mambo madogo: barua ya maombi isiyo na saini, matokeo ya muda yaliyoambatishwa mahali pa cheti, au majina ya cheti cha kidato cha nne kutofautiana na yale ya kitambulisho cha NIDA. Hili la majina hurekebishwa kisheria na huchukua muda, basi lishughulikie sasa, usingoje usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya maombi.

Kwa waajiri binafsi hali ni nyingine. Shirika linalotafuta mhasibu wa mradi mwenye uzoefu wa miaka mitano wa kuandaa taarifa za wafadhili linamaanisha linachosema, na kuliandikia ni kujichosha. Lakini tangazo linalodai mwaka mmoja au miwili kwa kazi ya msaidizi wa hesabu mara nyingi linatafuta mtu asiyehitaji kufundishwa kila kitu kuanzia hati ya malipo, na huyo unaweza kuwa wewe ukionyesha ushahidi. Zipo pia kampuni za ukaguzi wa hesabu na baadhi ya benki zinazochukua wahitimu wapya kwa makusudi na kuwafunza zenyewe. Hizo ndizo za kuanza nazo.

Sasa niurudie wasifu wako. Umeandika: «Nilifanya mafunzo kwa vitendo katika halmashauri, wiki nane.» Umeishia hapo, kisha ukatumia nusu ya ukurasa kueleza kwamba u mchapakazi, mwaminifu na unaweza kufanya kazi chini ya shinikizo, maneno ambayo kila mwombaji huyaandika na hakuna msomaji wa maombi anayeyaamini. Wiki nane zile ndizo uzoefu wako, nawe umezizika katika mstari mmoja. Ulipangiwa kitengo gani? Ikiwa uliwekwa kwenye mapato na kila asubuhi ukalinganisha makusanyo ya mashine za POS za wakusanya ushuru na kiasi kilichoingia benki, andika hivyo hivyo, na ueleze ulifanya nini tarakimu zilipokataa kuoana. Ikiwa uliandaa hati za malipo au ulishiriki usuluhishi wa taarifa za benki, yaani kulinganisha vitabu vya ofisi na taarifa ya benki, taja na utaje mfumo mliotumia. Anayesoma ni mhasibu. Atatambua mara moja kama mwandishi aliishika kazi au aliitazama kwa mbali.

Kama hukupewa kazi yoyote ya maana ukawa mtu wa kutoa fotokopi tu, jambo ambalo kwa bahati mbaya huwapata wengi, basi pengo hilo lizibwe sasa. Njia ya kwanza ni mafunzo ya uzoefu wa kazi kwa wahitimu yanayoratibiwa na Serikali kupitia TaESA, chombo chake cha huduma za ajira, ambapo mhitimu huunganishwa na mwajiri kwa kipindi maalumu. Njia ya pili iko mtaani kwako. Morogoro haikosi mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayehifadhi risiti ndani ya boksi, na ambaye kila inapokaribia tarehe 20 ya kuwasilisha ritani ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, huanza kuhangaika. Mwombe umtunzie vitabu kwa miezi mitatu: mauzo ya mashine ya EFD (ile ya kutolea risiti za kodi), manunuzi, madeni ya wateja, na mishahara ya vijana wake pamoja na PAYE, kodi inayokatwa kwenye mishahara, ambayo huwasilishwa kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Usijitangaze kuwa mkaguzi wala mshauri wa kodi, kwa kuwa kazi hizo zina usajili wake. Wewe ni mtunza vitabu, na mwishoni utaomba barua inayosema hivyo. Mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, inayofanyika Mei na Novemba, nayo ni ya kupangia ratiba mapema, kwani waajiri wengi wa wahasibu huitazama CPA, sifa ya kitaaluma inayotolewa na bodi hiyo, kabla ya kutazama jambo jingine lolote.

Kuhusu kujuana, sitakudanganya kwamba hakupo. Hata hivyo wenzako wanachanganya kubebwa na kufahamika. Wadhamini watatu unaowataja kwenye wasifu wana kazi ya kweli, na wewe umemtaja mjomba wako na viongozi wawili wa dini, ambao bila shaka wanakupenda lakini hawajawahi kukuona ukifunga hesabu za mwezi. Mweke msimamizi wako wa halmashauri na mhadhiri aliyesimamia utafiti wako, na uwapigie simu kwanza, ili siku wakiulizwa habari zako wasianze kwa kuuliza wewe ni nani.

Swali: Nimejitolea katika ofisi moja kwa zaidi ya mwaka bila posho wala barua. Nikiuliza, naambiwa nivumilie, nafasi ikitoka nitafikiriwa. Niendelee? – Msomaji, Mbeya

Jibu: La, si kwa namna hiyo. Kujitolea kunafaa kukiwa na barua, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kazi zilizotajwa na angalau nauli. Ulichojifunza mwaka huo umekwisha kujifunza, na ofisi inayopata kazi yako bila malipo haina haraka ya kukuajiri. Omba barua ya utambulisho inayoeleza majukumu uliyoyafanya na muda wake, uiombe kwa heshima na kwa maandishi, kisha panga siku ya kuondoka. Wakikunyima, mfanyakazi mwandamizi uliyekaa naye meza moja anaweza kuwa mdhamini wako.

Swali: Wakala mmoja amenitumia ujumbe kwamba nimepata kazi, ila nitume shilingi 150,000 za usajili na vipimo vya afya. Sikumbuki kuomba kazi hiyo. – Msomaji, Mwanza

Jibu: Usitume. Huduma za Sekretarieti ya Ajira hazilipiwi, na wakala binafsi wa ajira haruhusiwi kumtoza mtafuta kazi. Malipo yake hutoka kwa mwajiri. Gharama halali utakazokutana nazo ni za kawaida, kama vile wakili kuthibitisha nakala za vyeti vyako au nauli ya kwenda kwenye usaili, nazo humlipi anayekuahidi kazi. Ujumbe huo usiufute. Upeleke polisi pamoja na namba iliyoutuma, na kama ulikwisha kumtumia nakala za vyeti au kitambulisho chako, lieleze hilo pia unapotoa taarifa.