Silali vizuri, nimuone dokta gani? Ushauri kwa wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini

Watu wakisikia mume wangu siku hizi analala vizuri wananiuliza swali moja tu, mlimuona dokta gani? Naelewa kabisa kwanini wanauliza hivyo, mtu ambaye usiku wake umeharibika anataka jina na namba ya chumba ili kesho asubuhi awahi foleni. Ila mi siwapi jina kwanza. Nawauliza, usiku wako ukoje? Unakoroma? Unakaa macho mpaka jogoo anawika? Miguu inakutambaa? Maana shida za usingizi ni nyingi na kila moja ina mtu wake, alafu hata ukimpata mwenye cheo sahihi bado kuna dokta anayeuliza na kuna anayeandika dawa tu, na mi nimeshakaa mbele ya wote wawili.

Mume wangu ni dereva wa lori, anatoa mzigo Dar anapeleka Tunduma, wakati mwingine anavuka mpaka Zambia. Sasa fikiria mtu wa kazi hiyo anashuka Kitonga usiku na usingizi umembana. Kukoroma alikuwa anakoroma tangu zamani, na huku kwetu mtu akikoroma wanasema kalala fofofo, hakuna anayeona ni ugonjwa. Kilichonitisha ni ule ukimya. Anakoroma weee, alafu kimya, kifua kinahangaika lakini hewa haipiti, unasubiri, unasubiri, mara anashtuka kwa kishindo kama mtu aliyeibuka kwenye maji, anageuka upande, anaanza upya. Asubuhi anaamka kichwa kinamgonga, presha haishuki japo dawa anameza kila siku, usiku anaamka kukojoa mara kibao, na mchana tunaongea naye hapa sebuleni anasinzia katikati ya maneno.

Dokta wa kwanza alimuuliza kitu kimoja, "Una mawazo mzee?" Mume wangu akajibu maisha hayakosi mawazo, basi, tukatoka na karatasi ya diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi. Mimi niliyekaa pembeni sikuulizwa hata neno, na mimi ndo niliyekuwa nakesha namsikiliza. Iliniuma na mpaka leo inaniuma kwasababu najua kuna wake wengi wanatolewa chumbani hivyohivyo. Dawa za aina hiyo zinalegeza misuli, ya koo ikiwemo, na mtu ambaye koo linajifunga akilala ukimlegeza zaidi unamuongezea hatari. Pombe nayo kabla ya kulala inafanya hivyohivyo, iwe bia, ulanzi au kimpumu. Na hizo dawa mwili ukishazizoea kuziacha ni shughuli nzito, kwahiyo hata kwenye duka la dawa ukipewa bila cheti cha dokta usichukue.

Aliyetusaidia alikuwa dokta wa magonjwa ya ndani, hospitali nyingine hapahapa Mbeya, binti mdogo tu kwa umri. Tumeingia, "Shikamoo baba, shikamoo mama," akamsikiliza mume wangu mpaka mwisho, alafu akageuza kiti kwangu. "Mama, wewe ndo unalala naye, hebu niambie anavyolala." Nikamwambia ninayo sauti nimerekodi kwenye simu. Akaichukua, akaiweka mezani, akaongeza sauti mpaka mwisho. Ulipofika ule ukimya hakusema kitu, aliinua macho akaangalia mshale wa sekunde kwenye saa ya ukutani mpaka mume wangu kwenye simu aliposhtuka na kuvuta hewa, ndo akaandika. Akairudia tena. Mume wangu mwenyewe alikuwa hajawahi kujisikia, alikaa kimya kabisa. Dokta akatueleza kwamba pumzi ikikatika sekunde 10 au zaidi, na ikawa inajirudia usiku kucha, hilo jambo lina jina, wanaita apnia ya usingizi, na kila ikikatika oksijeni inashuka na moyo unasukumwa kufanya kazi ya ziada, ndo maana presha inagoma kushuka.

Hakuishia hapo. Alichukua futi kama ya fundi cherehani akampima shingo, maana shingo ikizidi sentimita 40 ni moja ya dalili wanazoziangalia. Akamulika koo kwa tochi. Akataka kuona dawa zote anazomeza, zote, sio kutajiwa. Akamuuliza kazi yake, na aliposikia lori akasimamisha kuandika, akamwambia "Baba, mpaka tujue hili ni nini naomba usiendeshe usiku, na ukisikia usingizi mchana paki pembeni." Alafu akaja na swali ambalo sikulitegemea kabisa: mnalala na jiko ndani? Watu wa Makete, Njombe na hapa Mbeya mnajua mwezi wa sita na wa saba baridi inavyokuwa, jiko la mkaa linaingizwa chumbani na madirisha yanafungwa. Hewa ya mkaa haina harufu na inaua, na kabla ya kuua inaumiza kichwa asubuhi, kwahiyo alitaka kujua kichwa cha mume wangu kinatokana na pumzi au na jiko. Hapo ndo nilipojua tumefika kwa mtu sahihi.

Kuna maswali mengine alimpa kwenye karatasi, yapo 8, yalitungwa na dokta wa Australia anaitwa Murray Johns mwaka 1991 na yanatumika dunia nzima. Unajiuliza una uwezekano gani wa kusinzia ukiwa unasoma, ukiangalia tivii, ukikaa kimya baada ya kula, ukiwa abiria kwenye gari saa nzima (chukulia kosta ya Tukuyu), na kadhalika, kila swali unajipa 0 mpaka 3. Jumla ikizidi 10 ujue usingizi wako wa mchana sio wa kawaida. Unaweza kuyajibu nyumbani ukaenda nayo, yanamrahisishia dokta kazi.

Sasa nani amuone nani. Anayekoroma na kukatika pumzi aanze na dokta wa magonjwa ya ndani au bingwa wa masikio, pua na koo. Mtoto anayekoroma, analala mdomo wazi, anajikunjua shingo usingizini, huyo moja kwa moja masikio, pua na koo, mara nyingi ni tonsesi au nyama za puani, na usikubali kuambiwa atakua yataisha kama anahangaika kupumua. Anayesikia miguu inawasha na kutambaa akilala mpaka ainuke atembee ndo apate nafuu, aombe kupimwa wingi wa madini ya chuma kwenye damu, hasa akiwa mjamzito. Mwenye rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, aliseme, huku kwetu milimani rovu lilikuwa tatizo kubwa enzi za chumvi isiyo na madini joto, na tezi ikipungua nguvu mtu anachoka, ananenepa na anaanza kukoroma. Na yule anayekabwa usiku, anaamka macho yanaona lakini mwili haujongei na anahisi kuna kitu kifuani, sio lazima awe amerogwa, ubongo umeamka kabla ya mwili, na ikitokea mara kwa mara na mchana anazidiwa na usingizi amwambie dokta vyote viwili.

Kundi kubwa ni la wasiopata usingizi kabisa, na hapa nataka nikae kidogo. Kama ni usiku 3 au zaidi kwa wiki na imefika miezi 3, hiyo imeshakuwa sugu na unahitaji tiba. Tiba inayopewa kipaumbele kwa hali hiyo sio kidonge, ni tiba ya mazungumzo ya kubadilisha fikra na tabia za kulala, wiki kadhaa, unapangiwa saa ya kuamka isiyobadilika, unapunguziwa muda wa kukaa kitandani bure, unafundishwa kutoka kitandani usingizi ukigoma. Wanaoijua zaidi wapo idara ya afya ya akili kwenye hospitali kubwa za rufaa, na hapo ndo watu wanapokimbia. Ukimwambia mtu nenda afya ya akili anasikia Mirembe, anaona umemuita kichaa. Jamani, naomba tuache hilo. Nina shoga yangu wa Iringa alihangaika miaka na vidonge vya dukani kwa kuogopa mlango wenye maandishi "afya ya akili", na alichokuta ndani ni dada mpole mwenye daftari anayemuuliza analala saa ngapi na anaamka saa ngapi.

Jambo lingine watu wanaficha dawa. Wapo wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya ukimwi, na baadhi ya hizo zinasumbua usingizi au zinaleta ndoto kali. Mwambie dokta wazi, pengine ni kubadilishiwa saa ya kumeza tu, ila usiache wala usihamishe muda mwenyewe. Dawa za pumu, za presha zinazokojoza na zile za jamii ya prednisoloni nazo zinaweza kukukesha. Ukificha, dokta atatibu kitu ambacho hakipo.

Kuhusu njia ya kufika kwa bingwa, wenye bima anzeni kituo cha chini mpate barua ya rufaa, mkiruka ngazi mtajikuta mnalipa mfukoni. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inapokea wagonjwa wa mikoa yote ya huku, na kuna wanaopanda mpaka Ikonda kule Makete. Popote unapoenda uliza kwanza bingwa unayemtaka anakaa kliniki siku gani, sio unatoka Ludewa na giza unafika unaambiwa alikuwepo jana. Nenda na mtu unayelala naye chumba kimoja, na rekodi ya simu, na daftari la wiki mbili ulilala saa ngapi ukaamka saa ngapi, na pakiti za dawa zako.

Dokta akisema unahitaji kipimo cha usingizi muulize kinafanyikia wapi na gharama ni kiasi gani kabla hujakata tiketi ya basi. Ni kipimo cha usiku mzima, unalala umefungwa kifaa kidoleni cha oksijeni, kamrija puani na mkanda kifuani, hakiumi. Majibu yakitoka omba namba ya pumzi inakatika au kupungua mara ngapi kwa saa. Chini ya 5 ni kawaida, 5 mpaka 14 ni hafifu, 15 mpaka 29 ni wastani, 30 kwenda juu ni kali. Dokta anayekuambia "una tatizo kidogo" bila namba mrudie umuulize, ni haki yako.

Mume wangu aliangukia kwenye kali, akaandikiwa mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kupitia barakoa ya puani ili koo lisijifunge. Ndugu waliiogopa sana, wakasema ni oksijeni ya watu mahututi. Sio oksijeni, ni hewa hii hii ya chumbani, na wala sio kitu cha majaribio, dokta Colin Sullivan wa Sydney aliitangaza tangu 1981. Usiku wa kwanza aliivua, wa pili akaivua, dokta akabadilisha saizi ya barakoa na ikakaa. Ndo maana nasisitiza mtu wa kukufuatilia, mashine bila ufuatiliaji inaishia juu ya kabati. Muulize pia umeme ukikatika mtafanyaje na kama inakubali betri, kwa dereva anayelala kwenye kebini hilo ni swali la kwanza kabisa. Na kama umeandikiwa mashine alafu hakuna aliyekupa tarehe ya kurudi, usitoke chumbani mpaka upewe.