Maswali na Majibu: Nafsi, Uhusiano na Hadhi ya Mtu

Swali: Ubinafsi ni dhambi. Mbona tunasema Mungu ni Nafsi tatu?

Jibu: Lugha imetutega hapa. Katika Utatu, Nafsi haimaanishi anayejifungia. Baba ni Baba kwa sababu anamzaa Mwana, na Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alifundisha kwamba Nafsi ya Kimungu ni uhusiano wenyewe ulio hai katika Mungu. Ubinafsi, basi, ni nafsi iliyoharibika.

Swali: Kama mtu ni uhusiano, mgonjwa aliyepoteza fahamu, asiyemtambua hata mwanawe, bado ni mtu?

Jibu: Ni mtu kamili. Soma tena jibu lililotangulia: linahusu Mungu. Mwanadamu ni kiumbe chenye akili na utashi, kilichoumbwa kwa ajili ya uhusiano, na uhusiano wa kwanza, ambao Muumba ndiye anayeuanzisha kwa kutupenda, hautegemei kumbukumbu wala uwezo wetu wa kusema. Nawaonya wanaolipindisha fundisho hili ili kupima nani anastahili kutunzwa: mtoto aliye tumboni na bibi aliyesahau majina ya wajukuu wake wamo katika uhusiano huo, hata pale sisi tunapowapa kisogo.

Swali: Mtawa anayeishi peke yake jangwani amekosa utu?

Jibu: Hapana, kwa kuwa analibeba Kanisa zima katika sala.

Swali: Kwa nini nihimizwe kwenda Jumuiya, yaani kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja, wakati nasali nyumbani?

Jibu: Swali hili linaletwa kila mara bila muulizaji kuyafikiri maneno anayoyasali, maana hata akiwa chumbani peke yake husema “Baba Yetu”. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima, ulifundisha mwaka 1965, katika hati yake Gaudium et Spes namba 24, kwamba mwanadamu hawezi kujipata kikamilifu isipokuwa kwa kujitoa kwa dhati. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipozipa Jumuiya Ndogo Ndogo kipaumbele mwaka 1976, walitaka Kanisa liishi pale ambapo majirani wanajuana kwa majina. Viongozi nao wasikie: Jumuiya inayokumbuka watu siku ya michango tu, au inayomnyima mfiwa faraja kwa sababu ya daftari la mahudhurio, inalidhoofisha fundisho hili kuliko huyo anayebaki nyumbani. Wewe uliyeuliza, mwulize mwenyekiti wako ni nyumba ipi ina mgonjwa, kisha uanzie huko.