Fundi kasema akijaza wedingi nene fremu itakuwa imara kuliko mpya, kweli?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nauza samaki, nachukua Sahare asubuhi nazungusha mpaka Ngamiani na baskeli ya chuma ya kawaida, tenga nyuma kwenye keria. Juzi nimeona ufa kwenye bomba la chini, kwa chini yake, karibu na pale linaposhikana na kichwa cha usukani, umefika kama nusu ya bomba. Fundi mageti kasema analaza kipande cha nondo juu ya ufa, anajaza wedingi nene, anamaliza na puti na rangi. Nimpe kazi?

JIBU: Marahaba. Usimpe, na kama bado unaipanda hiyo baskeli shuka saivi uikokote. Pale mbele pakikatika gurudumu na usukani vinaondoka na njia yao, wewe unafikia meno.

Sasa hiyo "wedingi nene" ndo inayonichosha. Hii karakana yangu ni ndogo, kazi yake ni kuunda fremu kwa vipimo vya mtu, lakini wengi wanaokuja hawaji kuundiwa, wanakuja na fremu ilochomewa mara mbili mara tatu na imekatika tena, na kila mmoja anashangaa mana "fundi aliijaza vizuri". Ukiiangalia wedingi yenyewe haina hata mkwaruzo, imekaa kama kichuguu, ila bomba limekatika pembeni yake, milimita chache tu. Kila mara ni hapohapo pembeni.

Sababu ni kwamba bomba la baskeli ni jembamba, la kwako halifiki hata milimita 2, haya ya kromu-moli (chuma kilichochanganywa na kromu na molibdeni) ninayotumia mimi mengi yana 0.9 mwishoni na 0.6 katikati, na linabeba mzigo kwa kunepa kidogo kila ukipita shimo kisha linarudi. Ukilibandika donge gumu, donge halinepi, kwa hiyo kunepa kote kunahamia pale donge linapoishia, na hapo ndo moto umeshapaharibu, mara nyingi rodi imekula bomba ikaacha kimfereji, unene umebaki nusu. Nondo ni ujinga uleule mrefu zaidi, tena kwa biashara yako maji ya barafu na chumvi yataingia chini yake yatulie humo yale chuma taratibu bila wewe kuona.

Simlaumu umeme. Fremu kibao za kiwandani zimechomewa kwa umeme. Tatizo ni mtu anachukua mashine aloiseti kwa ajili ya geti, na rodi ya geti, anaipeleka kwenye bomba la milimita moja na kitu.

Kwako wewe tafuta fremu used nzima uhamishe vitu vyako, basi. Kama hiyo ni ya marehemu babu na huwezi kuiacha, bomba lote linatolewa, jipya linakatwa mdomo wa samaki kwa tupa mpaka likumbatie kichwa bila mwanga kupita, ndo inakuja gesi na brasi (mchanganyiko wa shaba na zinki). Brasi inayeyuka kwenye nyuzi kama 900 na chuma karibu 1500, kwa hiyo bomba lenyewe haliyeyuki, brasi inajipenyeza kwenye kiungo na kuacha ukingo laini usio na ngazi. Tupa inakula muda kuliko moto, na bei yake itazidi hiyo fremu used, nakwambia mapema usije ukaninunia. Na uma uchomolewe, shingo yake iangaliwe, mana ukiwa umevaa beringi zake huoni kitu.

Puti je? Puti haibebi mzigo, kazi yake kuficha. Wewe unayenunua used, ukikuta fremu ina rangi mpya kwenye kiungo kimoja tu, jiulize kwanini. Kwangua rangi, paka mafuta ya taa, subiri kidogo, futa pakauke kabisa, kisha pakaza unga wa chaki, penye ufa mafuta yatatoka na kuchora mstari. Na msinipelekee alumini kwa watu hawa jamani! Alumini ya 6061, aina inayotumika sana kwenye fremu, ikichomewa inapoteza nguvu pembeni ya mshono, kiwandani wanairudisha kwenye tanuru ipate nguvu tena, huyo anayekwambia njoo jioni uchukue tanuru lake liko wapi?

Juzijuzi kijana kaniletea moja nyekundu, rangi bado inanuka, anataka nimwongezee keria tu. Nikapitisha kisu kwenye kiungo, puti ikamomonyoka kama ugali wa jana, chini yake ufa umezunguka karibu bomba zima. Aliinunua asubuhi ileile, hela keshatoa.