Mahindi na maharage: yape maharage jua, yakusaidie palizi

Mkulima akinionyesha shamba la mahindi na maharage lililozidiwa na magugu, kwanza natazama maharage yenyewe. Mara nyingi nayakuta yamedumaa, membamba, yamekosa jua. Maharage ya namna hiyo hayafuniki ardhi, na ardhi isiyofunikwa magugu ndiyo yanayoifunika.

Nafasi iliyozoeleka ya mahindi ni sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo, yaani mimea kama 44,000 kwa hekta. Ukipitisha mstari wa maharage katikati, unabanwa pande zote. Mimi nafuata mpango uliosambaa magharibi mwa Kenya kwa jina la Mbili: mistari miwili ya mahindi iachane sentimita 50, kisha unaacha mita nzima kabla ya jozi inayofuata. Ndani ya mita hiyo unapanda mistari miwili ya maharage, sentimita 33 kati yake. Piga hesabu: mahindi hayapungui, yamesogezwa tu. Tumia kamba yenye mafundo. Kukadiria kwa hatua ni kujidanganya.

Panda vyote siku moja. Ukichelewesha maharage wiki mbili, yataota tayari yako kivulini. Na chagua aina fupi, zisizotambaa, la sivyo utavuna mahindi yaliyolala.

Palizi ya kwanza haina mjadala: wiki ya pili hadi ya tatu tangu mahindi yaote, hata kama magugu yanaonekana madogo. Ya pili iwahi kabla maharage hayajatoa maua, kwa jembe dogo, juujuu, na majani yakiwa makavu. Kupita kwenye majani yenye umande husambaza magonjwa ya maharage. Kongwa, gugu linalotambaa, ukishaing'oa usiiache ilale kwenye tuta. Kila kifundo cha shina lake kikigusa udongo wenye unyevu hutoa mizizi upya. Ikusanye, itoe nje ya shamba. Ndago nayo, ukiikata juu tu, vitunguu vyake vya chini vinachipua tena.

Kuhusu dawa za kuua magugu: atrazini inayouzwa kwa mahindi inaua maharage. Tena hukaa udongoni, kwa hiyo inaweza kuyadhuru hata msimu unaofuata. Kama shamba ni la kukodi, muulize mwenyewe lilipigwa dawa gani mwaka jana kabla hujanunua mbegu.