Umemaliza dozi ya TB, lakini bado unaogopa kukohoa

Siku unayomaliza dozi ya TB hakuna anayekuambia kinachofuata. Nesi anajaza kadi, anakupongeza, anaita jina la mwingine. Miezi sita mfululizo ulikuwa na watu wa kukuuliza kama umemeza, umekula, kilo zimepanda. Kuanzia kesho yake hayupo hata mmoja. Mkojo unaacha ile rangi ya chungwa ya rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, nyumbani wanachinja kuku, majirani wanasema Mungu mkubwa. Mimi ndipo nilipoanza kuumwa upya, na safari hii si kifua.

Nauza chakula Tandika. Wali, maharage, samaki wa kukaanga, chapati asubuhi. Naitaja kazi kwa sababu ina moshi na ina watu, na vyote viwili vilikuja kunitesa baadaye. TB yangu ilichelewa kuonekana. Kwenye zahanati niliyoanzia walipima makohozi kwa darubini, wakasema hasi, nikapewa dawa ya kikohozi nikaenda zangu. Bahati nzuri sampuli za pale zilikuwa zinarudiwa na APOPO, wale wenye panya buku waliofundishwa Morogoro kunusa makohozi. Panya akaing'ang'ania sampuli yangu, maabara ikathibitisha, na siku moja akaja mlangoni mama mmoja wa MUKIKUTE, kikundi cha Temeke cha watu ambao wenyewe waliwahi kuugua TB, akaniulizia kwa sauti ya chini. Watu hucheka nikisema niliokolewa na panya. Nacheka nao.

Ila mkasa ule uliniachia swali lisilotoka kichwani. Kama kipimo kilisema sina wakati ninayo, nitakiaminije kikisema imeisha? Nikawa nalala nikisikiliza kifua changu. Kikohozi cha moshi wa mkaa, cha pilipili iliyoungulia kwenye mafuta, cha mafua ya kawaida, vyote kwangu vilikuwa TB imerudi. Duka la dawa la mtaani kwetu lina mizani mlangoni. Nilijipima nikienda sokoni na nikirudi, na nusu kilo ikipungua, siku imeharibika. Nikitoka jasho usiku namwamsha mume wangu aniguse shingo. Hiyo ni Februari, Dar es Salaam, wakati hata aliye mzima analala shuka imelowa.

Halafu likaja jingine ambalo sikulipa jina. Naamka saa tisa usiku, usingizi umekata, nangoja adhana. Napika sionji. Mtoto anasimulia habari za shule, akimaliza sijui amesema nini. Jirani akanisema kwamba siku hizi nina dharau kwa kuwa sikuitikia salamu yake, na kweli sikuisikia. Nyumbani waliona ni uchovu, maana nilikuwa nimepona, na aliyepona ana sababu gani ya kununa?

Aliyenishtukia ni yule yule mama wa MUKIKUTE. Alipita kula, akanitazama, na hakuniuliza kama nimepona. Aliniuliza, "Mwanangu, unalala?" Nikalia mbele ya wateja, mwiko mkononi. Akaniambia yeye mwenyewe baada ya dozi yake alikaa muda mrefu akiogopa kulala chali, akidhani atakufa usingizini. Kama unapoishi kuna kikundi cha waliowahi kuugua, kitafute kabla hujamaliza dawa. Ndugu atakupenda, daktari atakupima, lakini mtu aliyewahi kumeza vile vidonge haumwelezi sana.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba hali hii ina vyanzo vingi, na inabidi uvitenganishe. Kuna mapafu yenyewe. TB huweza kuacha makovu hata vimelea vyote vikishakufa, kwa hiyo unapanda ngazi unahema kuliko zamani. Tatizo ni kwamba wasiwasi nao unahemesha. Mimi sasa naangalia mahali pumzi iliponikata: kama nilikuwa nimebeba ndoo na nikikaa inatulia, hilo la mapafu. Kama nilikuwa nimekaa tu nachambua mchele, mara moyo unakimbia, vidole vinakufa ganzi na wazo linaniambia nakufa sasa hivi, mara nyingi huo ni wasiwasi. Yote mawili mwambie daktari, uamuzi ni wake, maana moyo na damu pungufu navyo vinahemesha. Ukikohoa damu, au kifua kikibana ghafla na hakiachii, usikae kubashiri. Ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna dawa pia. Kwa walio bado kwenye dozi: isoniazidi huwavuruga akili watu wachache, na ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuleta ganzi na kuwaka moto miguuni, ndiyo maana wengi huongezewa vitamini B6. Kwa wenye TB sugu, ile isiyosikia dawa za kawaida, ni zaidi. Dawa yao mojawapo, sikloserini, inajulikana kabisa kwa kuleta sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na wengine husikia sauti au kuona watu wasiokuwapo. Ukiona hivyo usiache dawa kimyakimya, na usidhani umerogwa. Mwambie anayekutibu, au ndugu akusemee. Dozi inaweza kupunguzwa au dawa ikabadilishwa. Zamani wagonjwa wa TB sugu nchi nzima walikuwa wanapelekwa Kibong'oto, kule Siha mkoani Kilimanjaro, na waliokaa kule mbali na watoto wao miezi na miezi hawahitaji kidonge cha kuwapa huzuni.

Sasa hofu ya kurudiwa, ambayo ndiyo ilikuwa yangu. Usikubali mtu akuambie ni upuuzi. Aliyewahi kuugua TB kweli ana uwezekano mkubwa wa kuugua tena kuliko ambaye hajawahi, kwa hiyo hofu ina mguu wa kusimamia. Kinachotakiwa ni kuiwekea mpaka, na mpaka huo usiuchore mwenyewe saa tisa usiku. Mimi niliuomba kliniki: niambieni ni dalili gani za kunileta hapa na zipi za kunywa maji ya moto nikalale. Tukakubaliana. Kikohozi cha wiki mbili, homa za jioni zisizoisha, jasho la usiku la kulowesha nguo bila sababu ya joto, kupungua uzito mwezi hadi mwezi. Mizani nikaruhusiwa mara moja kwa mwezi. Wiki za mwanzo nilikuwa napita ng'ambo ya barabara nisilione lile duka la dawa, maana miguu ilikuwa inakwenda yenyewe.

Kuna jambo dogo ambalo lingewaepusha wengi na hofu za bure: tunza kadi yako ya TB na picha ya kifua uliyopigwa mwishoni mwa matibabu. Kovu linabaki kwenye picha. Daktari mgeni asiyejua historia yako akiliona anaweza kukutazama kwa namna itakayokunyima usingizi, lakini ukimpa picha ya zamani ataziweka pamoja aone kama kuna kipya. Hata GeneXpert, mashine nzuri kabisa ya kupima makohozi, inaweza kunasa mabaki ya vimelea vilivyokwisha kufa kwa mtu aliyetibiwa karibuni ikasema vipo. Kwa hiyo taja mapema kwamba umewahi kutibiwa, na mwaka gani. Wakiona shaka watayaotesha makohozi maabara kuona kama kuna kilicho hai. Inachukua wiki kadhaa, na wiki hizo ni ngumu, nisikudanganye. Omba mtu wa kukaa naye karibu.

Huzuni nayo ina mpaka wake. Ikiwa wiki mbili zimepita, karibu kila siku umejaa majonzi, au vitu ulivyovipenda havina ladha tena, usingizi umevurugika, unajiona huna faida, nenda ukaseme hivyo hivyo. Unaweza kuanzia pale pale kliniki ya TB. Mimi nilipelekwa kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya mkoa. Mume wangu alipoambiwa aliuliza, "Kwani anapelekwa Mirembe?" Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, imewatibu watu wengi, ila jina lake tumeligeuza tusi, na tusi hilo linawazuia watu kwenda hata jengo la jirani na kliniki waliyoizoea. Kwenye foleni yangu alikuwapo mwalimu, binti wa chuo na mzee aliyevaa kanzu safi akisoma gazeti. Hakuna aliyefungwa kamba.

Niliongea na mtaalamu, nikapewa na vidonge. Vidonge vya sonona havifanyi kazi kama panadoli. Vinachukua wiki kadhaa mpaka uone tofauti, na wengi huviacha hapo katikati wakisema havisaidii. Baada ya kumeza vile vya TB miezi sita sikuona sababu ya kushindwa na hivi. Kama bado uko kwenye dozi ya TB sugu, mtajie daktari wa akili dawa zako zote, hasa linezolidi, kwa sababu haipatani na baadhi ya dawa za sonona, fluoksetini ikiwemo. Na pombe ya kuletea usingizi iache. Inakulaza mapema, inakuamsha usiku wa manane, na ini lako limeshafanya kazi ya kutosha.

Wapo wanaofika mahali pa kutamani kufa. Mimi nilikuwa naona tu kwamba nyumba ingekwenda vizuri bila mimi, nikadhani hilo si lolote. Mtaalamu hakulichukulia kirahisi. Ukifikiria hivyo, mwambie mtu mmoja leo, asikuache peke yako, dawa zote zitunzwe na mwingine, mwende hospitali pamoja bila kungoja siku ya kliniki. Shehe wangu nilimwambia pia. Aliniombea dua, akaniuliza tarehe ya kurudi kwa daktari, akanikumbusha ilipofika. Nilimwongezea heshima.

Wateja je? Wengine waliacha kuja. Wengine walikuja na vyombo vyao wakisema wanapeleka nyumbani, kisha nawaona wanakula pale kwa fundi baiskeli. TB inaenea kwa hewa, mgonjwa anapokohoa au kuongea karibu na watu ndani ya chumba kisichopitisha hewa; haipiti kwenye sahani wala kijiko, na mtu anayemeza dawa sahihi kwa kawaida haambukizi tena baada ya wiki mbili hivi. Nilikuwa nalieleza hilo kwa kila mtu mpaka jioni sauti imekauka. Sasa sielezi. Anayeuliza kwa nia njema namjibu kwa sentensi moja, anayenong'ona namwachia minong'ono yake, na aliyehama namwombea apate maharage mazuri anakokwenda, ingawa sidhani. Pesa iliyopungua ni kweli imepungua, na kwa muda tulilazimika kuishi kwa mshahara wa mume wangu peke yake. Wifi yangu, aliyeendelea kula kibandani kwangu kila mchana mbele za watu, amenisaidia kuliko maelezo yangu yote.

Lililobaki ni mtoto. Mwanangu wa mwisho alikuwa chini ya miaka mitano, akapimwa, hakukutwa na ugonjwa, akaanzishiwa dawa ya kinga. Kila siku namnywesha huku najiona mchawi wa mwanangu. Kama uko hapo, fikiria hivi: nawe ulivuta hewa ya mtu fulani, kwenye daladala au msibani, ambaye huenda hakujua anaumwa. Je, unamchukia? Mimi nilijaribu kumchukia mtu huyo nikashindwa, sura yake haikuja. Mtoto alimaliza dawa, anacheza, na mpaka leo akikohoa nageuka. Nageuka tu, simshiki tena paji la uso.

Kama unapanga kwenda kliniki wiki hii, beba kadi, andika kwenye simu tangu lini hulali na unaamka saa ngapi, kwa sababu ukifika mbele ya daktari utasema "naendelea vizuri" kwa mazoea. Anza na usingizi, ni rahisi kuutamka. Kitengo cha afya ya akili kinaweza kuwa na siku zake za kuona wagonjwa, kwa hiyo ulizia dirisha la mapokezi kabla ya kupanga foleni, na kama unaweza, nenda na mtu atakayekaa nawe benchini mpaka uitwe.