Safari ya gari kaskazini mwa Hispania: kupunguza Swala, chakula na kuingia makanisani

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi asili yangu ni Tanga, naishi Leicester, Uingereza. Katikati ya Julai, inshallah, tutasafiri vijana watano, watatu Waislamu na wawili Wakristo. Tutaruka hadi Bilbao, tukodi gari, tuzunguke miji ya kale kwa siku 12: Zaragoza, Tudela, Burgos, León, Oviedo, tumalizie Santiago de Compostela. Je, tunaruhusiwa kupunguza na kuunganisha Swala ilhali safari yenyewe ni ya matembezi? Chakula tufanyeje? Tunaweza kuingia makanisani, maana miji hiyo vivutio vyake vingi ni makanisa? Na tumekubaliana kuchanga pesa za chakula, lakini wale wenzetu wawili wanakunywa.

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Alhamdulillah, Swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Nitajibu kwa madhehebu ya Imamu Shafi'i, ambayo ndiyo mliyolelewa nayo pwani.

Kupunguza ni ruhusa kwenu. Allah amesema katika Suratun Nisaa, aya ya 101, kwamba tunaposafiri si kosa kupunguza Swala, na Sayyidna Umar alipomuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu ruhusa hiyo aliambiwa ni sadaka ambayo Allah amewapa, basi ipokeeni sadaka Yake (Muslim). Kuhusu matembezi, mafaqihi wetu wametofautisha: anayesafiri kuburudika na kupumzika ana lengo sahihi, na anayezunguka ili tu aone miji, bila lengo lolote jingine, hana. Basi wekeni nia ya kupumzika, kudumisha udugu na kuzingatia mabaki ya waliotangulia. Mkitia nia hiyo, hakuna shaka.

Masafa ya kupunguza ni marhala mbili, takriban kilomita 81 au zaidi kidogo kwa hesabu za wanazuoni wa leo. Wengi hukosea hapa kwa kupima kila kipande cha njia peke yake. Wakifika Tudela kutoka Zaragoza, kilomita themanini na kitu, wanaanza kubishana kama zimetimia. Hakuna haja. Kinachopimwa ni safari nzima tangu mlipotoka nyumbani, na ninyi mmetoka Leicester. Ruhusa inaanza mnapoyapita majengo ya mji wenu, kwa hiyo kama uwanja wa ndege uko nje ya mji mnaweza kupunguza mkiwa hapo hapo uwanjani.

Ruhusa hukatika mkinuia kukaa mahali pamoja siku 4 kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka. Mkifika Santiago Jumatatu na kuondoka Ijumaa, siku kamili ni tatu tu, Jumanne hadi Alhamisi, mnaendelea kupunguza. Mkiondoka Jumamosi zimetimia nne, na mtaswali kamili tangu mnapowasili. Pangeni mapema mtalala wapi siku ngapi, kwa sababu hukumu inafuata nia mliyoingia nayo mjini.

Zinazopunguzwa ni Adhuhuri, Alasiri na Isha. Nia ya kupunguza iwepo wakati wa takbira ya kuhirimia. Na mkiingia msikiti wa wahamiaji huko Bilbao au Zaragoza mkaswali nyuma ya imamu mkazi, mtakamilisha rakaa nne, hata kama mmemdiriki kwenye tahiyatu ya mwisho. Kuna wasafiri wanaotoa salamu baada ya rakaa mbili na kumwacha imamu akiendelea. Swala hiyo haikusihi, irudiwe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliogopea zaidi kwenu, nalo ni saa. Hispania hutumia saa za Ulaya ya kati ilhali nchi yenyewe iko magharibi sana, na majira ya joto husogeza saa moja zaidi. Matokeo yake, katikati ya Julai, Bilbao Adhuhuri huingia takriban saa 8:18 mchana, na Santiago karibu saa 8:40. Mtu aliyezoea kwamba saa saba Adhuhuri imekwisha kuingia ataswali kabla ya wakati wiki nzima bila kujua, na Swala kabla ya wakati haihesabiki kuwa fardhi. Alasiri ya Bilbao ni kama saa 12:20 jioni. Jua huzama Bilbao kama saa 3:50 usiku, Santiago saa 4:10 usiku. Isha hukaribia saa sita ya usiku, na Santiago huipita. Alfajiri huingia kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na moja, na Santiago jua halichomozi mpaka saa moja imepita. Msichukue ratiba ya Leicester, wala msiswali Santiago kwa ratiba ya Bilbao: tofauti yake ni dakika ishirini hivi. Weka jina la mji mliopo katika programu ya simu, kisha hakikisha simu yenyewe imebadilisha saa.

Kwa hali hiyo kuunganisha kutawafaa sana. Usiku, mkishaswali Magharibi saa nne, leteni Isha papo hapo rakaa mbili, mlale. Hii ni jam'u taqdim, na ina masharti: muanze na Magharibi, nia ya kuunganisha iwepo kabla hamjatoa salamu ya Swala ya kwanza, na Swala mbili zifuatane bila mwanya mrefu. Sharti hili la mwisho ndilo linalovunjika mchana. Migahawa ya huko huanza kuandaa chakula cha mchana kama saa saba na nusu hadi saa tisa na nusu, yaani Adhuhuri inaingia mkiwa mezani. Msiswali Adhuhuri, mkaketi kula saa nzima, kisha mkasimama kuswali Alasiri kwa nia ya kuunganisha. Mfuatano umekatika, na Alasiri itangoja wakati wake. Ama mswali zote mbili kwanza ndipo mle, ama mcheleweshe Adhuhuri hadi wakati wa Alasiri (jam'u taakhir), na hapo nia ya kuchelewesha iwekwe ndani ya wakati wa Adhuhuri. Asiyeweka nia hiyo mpaka wakati ukatoka amepata dhambi na Swala yake imekuwa kadha. Siku ya Oviedo kwenda Santiago, takriban kilomita 300, taakhir itawapa nafasi ya kuendesha bila haraka.

Njiani, simameni sehemu iliyoandikwa "área de servicio": kuna mafuta, vyoo na maji. "Área de descanso" mara nyingi ni maegesho na miti tu. Fardhi haiswaliwi mmekaa garini ilhali mnaweza kusimamisha gari na kushuka. Kwa udhu, msipandishe miguu kwenye beseni za watu na kuacha sakafu imelowa. Chukueni chupa ya lita moja, osheni miguu nje penye majani. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja (Bukhari na Muslim), ambayo haifiki lita moja, kwa hiyo chupa hiyo inatosha udhu mzima.

Kibla: Tanga mlikuwa mnaelekea kaskazini, Leicester kusini-mashariki. Huko ni mashariki, ukipinda kulia kidogo: digrii kama 108 kwa Bilbao na Zaragoza, 102 kwa Santiago. Dira ya simu hudanganywa na chuma, basi jitengeni na gari hatua kadhaa kabla ya kuisoma. Simu ikizima chaji, kuna dalili nyingine: makanisa ya zamani ya njia mtakayopita kwa kawaida yalijengwa madhabahu yakielekea mashariki. Ukisimama uwanja wa Obradoiro pale Santiago ukatazama uso wa kanisa kuu, unatazama mashariki, na kibla kiko kidogo kuliani mwako. Dalili hiyo itumieni kujua upande tu, halafu ondokeni hapo, maana kuswali mkiyaelekea masanamu ya ukutani ni makuruhu. Bustani ya Alameda iko jirani, nenda kaswalini huko.

Kuingia kanisani kwa kutazama jengo, kwa ruhusa ya wenyewe, wanazuoni wamekhitilafiana, na mafaqihi wetu hukaza zaidi pakiwa na picha na masanamu. Imepokewa katika Bukhari kwamba Sayyidna Umar alijizuia kuingia kwa ajili ya picha, na kwamba Ibn Abbas aliswali katika makanisa yasiyo na masanamu. Lililo salama kwenu ni kutazama kwa nje. Atakayeingia, aingie kama mtazamaji, nje ya saa za ibada, asiwashe mshumaa wala kuinamia chochote. Santiago kuna desturi ya mahujaji wa Kikristo kupanda nyuma ya madhabahu na kulikumbatia sanamu la Mtume Yakobo. Msiingie foleni hiyo hata kwa ajili ya picha. Chetezo kikubwa wanachokiita Botafumeiro, cha uzito wa kilo hamsini na zaidi, hupeperushwa kwa kamba ndani ya misa. Hiyo ni ibada yao, waacheni nayo wenzenu Wakristo wakitaka. Na msione safari yenu kama hija ya mahali pale, kwani Mtume (s.a.w.) amesema hazifungwi safari ila kwa misikiti mitatu: Makka, Madina na Al-Aqsa.

Lakini historia itazameni, tena kwa macho mawili. Mwaka 997 Al-Mansur wa Cordoba, jemadari wa Waislamu wa Hispania, aliushambulia mji wa Santiago na kengele za kanisa zikachukuliwa hadi Cordoba, zikatumika kuwa taa za msikiti. Cordoba ilipoanguka mwaka 1236 zikarudishwa. Zaragoza ilikuwa mji wa Waislamu hadi 1118. Katika kasri la Aljafería, lililojengwa na Banu Hud, ukoo wa watawala Waislamu wa mji huo, karne ya 11, mtaona msikiti mdogo na mihrabu yake imenakshiwa mpaka juu. Leo kasri ni makumbusho na makao ya bunge la Aragón. Msilazimishe kuswali ndani mkagombana na walinzi: ardhi yote imefanywa msikiti kwetu, na nje kuna nafasi tele. Tudela kanisa kuu limesimama palipokuwa msikiti mkuu. Burgos, katika monasteri ya Las Huelgas, imehifadhiwa bendera ya Al-Muwahhidun, dola ya Kiislamu ya zama zile, yenye maandishi ya Qur'ani, inayonasibishwa na vita vya mwaka 1212. Msipite hapo haraka haraka.

Chakula. Huko nguruwe hajifichi kwenye nyama peke yake. Dengu na maharage hupikwa na chorizo (soseji ya nguruwe), fabada ya Oviedo, yaani mchuzi wa maharage, ina nguruwe na soseji ya damu, morcilla ya Burgos ni damu na wali, na supu ya mboga ya Galicia hutiwa mafuta ya nguruwe. Ulizeni maneno matatu: "¿lleva jamón?", "¿lleva manteca?", "¿lleva vino?", yaani ina paja la nguruwe, ina mafuta yake, ina mvinyo? Neno "sin carne" (bila nyama) halitoshi, wapishi wengi hawaihesabu jamón kuwa nyama. Nyama nyingine iacheni isipokuwa ya maduka ya Waislamu au yenye alama ya halali. Samaki ni wengi mno: pweza wa Galicia huchemshwa, akakatwa juu ya sahani ya mbao, akatiwa mafuta ya zeituni, pilipili ya unga na chumvi ya mawe. Bacalao al pil-pil ya Bilbao ni samaki aliyekaushwa kwa chumvi kama ng'onda wetu, kwa mafuta ya zeituni na kitunguu saumu. Epukeni "a la sidra" na "a la marinera", kwani humo kuna pombe.

Samaki wa "a la plancha" huchomwa mara nyingi kwenye bamba lile lile la nguruwe. Kwa madhehebu yetu najisi ya nguruwe ni nzito, chombo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo omba wa kuoka au wa kuchemsha. Mkikodi nyumba yenye jiko, sufuria moja na kikaango kimoja kutoka kwenu vitawaondolea shaka yote.

Mchango: msiwe na mfuko mmoja unaonunua pombe, hata mkisema ni euro chache. Changeni mafuta, maegesho na vyakula, kila mmoja alipie kinywaji chake. Waambieni wenzenu kabla ya safari, kwa upole, nao watawaelewa. Na Mtume (s.a.w.) amemkataza anayemwamini Allah na Siku ya Mwisho kukaa kwenye meza inayopitishwa pombe (Tirmidhi), basi kwenye nyumba za sidra za Oviedo waacheni waende, mkutane baadaye. Mhudumu huinua chupa juu ya kichwa, akashusha glasi chini ya kiuno, na sidra, pombe ya matufaha, ikaruka pande zote. Mkipita hapo matone yakagusa suruali, ni najisi: osheni mahali palipoguswa kwa maji kabla ya Swala, na tazameni nyayo za viatu, kwani sakafu zao huwa zimelowa.

Wallahu aalam.